"Tough luck" si pole

Msomaji mmoja wa Kasarani, karani wa mapokezi katika ofisi iliyoko Westlands, ameniandikia hivi: "Mwalimu, mkubwa wangu ni Mwingereza. Juzi alitua Nairobi alfajiri, mizigo yake ikabaki njiani. Alipotueleza kwenye kundi la ofisi, nikamjibu 'Tough luck!' nikiamini nimempa pole. Tangu siku hiyo salamu zake zimepoa. Wiki hiyo hiyo matatu niliyopanda iliharibika Roysambu asubuhi ya mkutano, nikaandika 'I am unlucky today'. Mwenzangu mmoja akasema Waingereza husema 'Just my luck'. Mwingine akabisha, akasema ni 'Of all the luck'. Nimechanganyikiwa. Nitumie lipi, na kwa mkubwa wangu nifanyeje?"

Dadangu, nianze na la mkubwa wako, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

"Tough luck" si pole. Ukitaka neno letu linalokaribiana nalo kabisa, ni "shauri yako". Sasa jiweke mahali pa yule mtu. Ameshuka kwenye ndege baada ya kukesha angani, hana hata shati la kubadilisha, anawaeleza watu wake wa ofisini yaliyompata, na jibu la kwanza linalomfikia ni: shauri yako. Hukukusudia hivyo, na mimi ninakuamini, lakini ndivyo alivyosoma.

Kosa lenyewe lina chanzo kinachoeleweka. "Tough" tulifundishwa kuwa ni ngumu: nyama ngumu, mtihani mgumu, maisha magumu. Ukiliweka kando ya "luck" unapata bahati ngumu, na mtu aliyepatwa na bahati ngumu si ndiye anayehurumiwa? Tena wapo Wamarekani ambao wakilitamka kwa sauti ya chini, uso umejaa huruma, linapita kama pole. Lakini midomo mingi imelizoea mahali pa ukali. Mwanafunzi amechelewesha kazi, anaomba siku mbili zaidi, anaambiwa "tough luck". Mteja amefika dakika moja baada ya duka kufungwa, "tough luck". Wakati mwingine hata hilo "luck" huangushwa, likabaki "Tough" peke yake, nalo ni kama kufungiwa mlango usoni. Na ujumbe wa simu hauna sauti wala uso. Kinachobaki ni ile maana kali.

Linalochanganya watu zaidi ni kwamba "hard luck", ambalo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni bahati ngumu ile ile, halina ukali huo. Kwa Mwingereza, "hard luck" ni neno la kumfariji mtu aliyejaribu akakosa: amefanya usaili wa kazi hakuchukuliwa, timu yake imefungwa dakika ya mwisho. "Bad luck" nalo hutumika hivyo hivyo. Wanaotazama ligi ya Uingereza jioni za wikendi wamelisikia lile la tatu, "Unlucky!", mchezaji anapopiga mpira ukagonga mwamba. Si tusi hata kidogo. Maana yake ni: ulipiga vizuri, bahati tu haikuwa yako. Yote matatu yana mpaka wake lakini. Ni ya mambo madogo, hasa ya kujaribu na kukosa. Mizigo iliyopotea iko pale pale mpakani. Mwingereza angeweza kumwambia rafiki yake "Oh, bad luck", ila karani kumwandikia mkubwa wake, ningependa neno lenye joto zaidi.

Na ujihadhari na jambo moja: "hard luck" ikifuatwa na neno "story" inageuka kabisa. "A hard-luck story" ni maelezo marefu ya dhiki anayokupa mtu ili umwonee huruma, mara nyingi mwishoni akiwa na ombi la pesa. Sisi wa Nairobi tunamjua yule kijana wa katikati ya jiji, amevaa vizuri, ameibiwa pochi, amepungukiwa nauli ya kurudi Nakuru, na wiki inayofuata bado hajafika Nakuru. Hiyo ndiyo "hard-luck story". Usije ukamwambia mtu anayelia kwamba umesikia "hard-luck story" yake.

Sasa nakuuliza: mbona hukuandika tu "Sorry"? Nadhani ni kwa sababu kuna mtu aliyewahi kukusahihisha. Sisi Wakenya tukimwona mtu amejikwaa, hata kama tuko upande wa pili wa barabara, tunasema "Sorry". Mgeni kutoka Uingereza hushangaa, hujibu "It's not your fault", kwa kuwa kwake neno hilo likisemwa peke yake ni la kuomba radhi. Walimu wengi wamewakanya wanafunzi kwa hilo. Mimi niliacha kukanya miaka mingi iliyopita, na nitakwambia kwa nini. "Sorry" yetu ni "pole". Ulimi uliozaliwa na "pole" hauwezi kumpita mtu anayeumia bila kusema kitu, na Kiingereza hakina neno moja jepesi la kuijaza nafasi hiyo, kwa hiyo tulichukua lililokuwa karibu. Tena historia ya neno lenyewe iko upande wetu. "Sorry" inatokana na neno la Kiingereza cha kale lililotokana na "sar", yaani maumivu au kidonda, ndugu wa "sore" ya leo. Aliyesema "I am sorry" zamani hizo alikuwa akisema: ninaumia. Maana ya kuomba radhi imo ndani yake, lakini huruma iko kwenye mzizi.

Unachohitaji ni kuliongezea neno hilo mkia tu. "I'm sorry to hear that." "I'm so sorry about your bags." Ukishaweka "to hear" au "about", hakuna Mwingereza atakayedhani unakiri kosa. Mkia huo unamwonyesha umeelekeza moyo wako wapi.

Darasani kwangu Jumamosi huja wauguzi wanaojiandaa kwenda kazini Uingereza. Safari hizo zilichangamka baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Siku moja tulifanya zoezi: mgonjwa ameambiwa upasuaji wake umeahirishwa, na amefunga tangu usiku. Umwambieje? Mmoja wao, mama mwenye miaka mingi wodini, akaandika ubaoni "Bad luck". Akasimama, akaitazama, hakuridhika, akaifuta kwa kiganja. Tukaijenga upya pamoja: "I'm so sorry. I know you've been waiting since last night." Akaisoma polepole mara mbili, kisha akageuka akaniambia, "Mwalimu, hii sasa ni pole yenyewe." Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Kwa msiba wa mwenzako, liache neno "luck" kando. Taja kilichompata, na umwonyeshe kwamba umeona.

Tuje kwenye matatu ya Roysambu, yaani mkosi wako mwenyewe.

"I am unlucky today" haina kosa la sarufi. Shida ni kwamba "I am unlucky" humweleza mtu, si tukio. Ni kama kusema "mimi ni mtu asiye na nyota". Ukiongeza "today" unalipunguza makali, lakini bado linasikika kama taarifa ya daktari. Mwingereza mwenye siku mbaya husema "It's just not my day", na hapo lugha zetu zimekutana uso kwa uso, maana nasi tunasema leo si siku yangu.

"Just my luck" ni kitu kingine, na ningependa ukielewe vizuri kwa sababu ndicho utakachokisikia mara nyingi zaidi. "Just" hapa si "tu". Ni "hasa", ni "barabara". Na "my luck" si bahati yoyote, ni bahati yangu mimi, ile niliyoizoea. Neno "bad" halimo, wala halihitajiki. Msikilizaji anajua bahati yako wewe ni ya namna gani. Kwa hiyo asemaye "Just my luck" analalamika kwamba mambo yake ndivyo yaendavyo siku zote. Hili tukio la leo ni ushahidi mwingine tu. Wahenga wetu waliliweka kwa namna yao: ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Yule maskini halilii dume. Analia kwamba hata siku ng'ombe alipozaa, mambo yalikuwa yale yale. Ukiushika moyo wa methali hiyo, umeishika "Just my luck", na hutaikosea tena.

Tazama inavyokaa kwenye maneno. Husimama peke yake baada ya tukio: "The matatu broke down at Roysambu. Just my luck." Au hubeba tukio mgongoni: "It's just my luck to sit next to the window that won't close." Ikitumika kwa jambo ambalo bado halijatokea, hugeuka kuwa woga: "It would be just my luck if they started without me." Ina ndugu yake pia, "Knowing my luck", naye hutangulia: "Knowing my luck, it will rain the day I wash the blankets." Kila aliyewahi kuanika mablanketi Nairobi mwezi wa Aprili anaielewa hiyo bila kamusi.

Unaweza kusema "just our luck" mkiwa mmekwama wote ndani ya gari moja, na inaleta umoja fulani. Lakini usimwambie mtu mwingine "Just your luck". Hapo unamwambia usoni kwamba ana nuksi.

Kuna kitu cha ajabu ambacho wanafunzi wangu hawakiamini mpaka wakisikie wenyewe. "Just my luck" bila neno lolote baya ndani yake ni kilio. "What luck!" bila neno lolote zuri ndani yake ni shangwe. Umefika steji, basi la mwisho ndilo linaondoka na kuna kiti kimoja: "What luck!" Ukitaka kulia kwa kutumia "what", lazima uonyeshe ubaya wenyewe, useme "What bad luck" au, kwa Waingereza wa makamo, "What rotten luck". Na hizi mbili zina faida moja: zinafaa kwangu na zinafaa kwako. Nikipoteza simu naweza kuzisema, ukipoteza simu naweza kukuambia, na ukazipokea kama huruma.

Na "Of all the luck"? Wenzako wawili walibishana kana kwamba mmoja lazima awe amekosea. Hakuna aliyekosea, ila hawakuwa wakisema kitu kimoja. "Just my luck" hutazama nyuma, huhesabu mikosi ya miaka. "Of all the luck" hutazama hili moja lililo mbele yako na kushangaa: kati ya bahati zote duniani, imeniangukia hii! Ya kwanza ni ya mtu aliyechoka, ya pili ni ya mtu aliyepigwa na butwaa. Tena "Of all the luck" ina pande mbili. Jirani yako wa chama akichaguliwa kuwa wa kwanza kupokea mchango, nawe ulikuwa na ada ya shule mezani, unaweza kuisema hiyo hiyo kwa wivu, maana bahati unayoishangaa ni yake, na ni nzuri. Ndiyo maana wengine huongeza "rotten" katikati ili isidhaniwe vingine. Kwangu mimi msemo huo, uwe na "rotten" au usiwe nayo, una harufu ya kizamani kidogo. Sikukatazi, lakini nisingeuchagua.

Kilicho hai zaidi ni ukoo wake: "Today of all days!" "Of all the mornings to break down!" Hapa ndipo ningekupeleka wewe. Kwa sababu nikiusoma ujumbe wako, kilichokuuma si kuharibika kwa matatu. Matatu huharibika, sote tumewahi kushushwa Thika Road tukasimama kando ya barabara, makanga akihesabu nani arudishiwe kiasi gani. Kilichokuuma ni kwamba imeharibika siku ya mkutano. Lililo chungu ni siku. Basi uitaje siku. "Today of all days" inafanya kazi ambayo "Just my luck" haiwezi kuifanya, na kinyume chake. Kabla ya kuchagua maneno, jiulize ni nini hasa kinachokuuma: ni mazoea ya mkosi, ni mshangao wa tukio lenyewe, au ni wakati wake?

Yapo mengine utakayoyasikia, nayataja haraka. "That's all I need" hugeuza maana juu chini, kama sisi tunaposema hilo tu ndilo lililokuwa limebaki. Stima zimepotea, maji hayapo, sasa na gesi imekwisha. "No such luck" ni jibu la tumaini lililokatika: "Did they refund your fare?" "No such luck." "Worse luck" hukaa mwishoni mwa sentensi na kumaanisha "kwa masikitiko yangu": "I'm working on Saturday, worse luck." Hiyo ni ya Waingereza zaidi kuliko Wamarekani. "Typical!" huonyesha kidole kwa mwenye kosa, kwa hiyo hakikisha mwenye kosa hayuko chumbani. Na "Why me?" ni nzito. Ndani yake kuna mtu anayemuuliza Mungu. Usiitumie kwa matatu.

Katika ofisi utasikia pia "Murphy's law", na wengine watasema "Sod's law". Ya kwanza inahusishwa na mhandisi wa jeshi la anga la Marekani, Edward Murphy, aliyekuwa kwenye majaribio ya gari la roketi katika kituo cha Edwards, California, mwaka 1949. Inasimuliwa kwamba vipimo vilivyofungwa kwenye jaribio moja viliunganishwa kinyume, visisome chochote, na lalamiko lake kuhusu uzembe huo likazaa msemo kwamba kinachoweza kuharibika kitaharibika. Ya pili ni ya Waingereza na inasema jambo hilo hilo, ila "sod" lina asili ya matusi. Rafiki zako wa Uingereza wataitumia bila wasiwasi. Wewe karani wa mapokezi ukiandika kwa mkubwa, shika ya Murphy.

Methali moja inanigusa zaidi kuliko zote, nayo ni "It never rains but it pours". Wamarekani wameigeuza kidogo, wanasema "When it rains, it pours", na kampuni moja ya chumvi ya Chicago, Morton, iliichukua ikaitangazia chumvi yake tangu 1914, pamoja na picha ya msichana mwenye mwavuli: kwamba hata hewa ikiwa na unyevu, chumvi yao bado inamiminika bila kugandamana. Kwa tangazo ilikuwa sifa. Kwa Mwingereza wa kawaida, methali hiyo ni ya mikosi inayofuatana. Mvua hapo ni msiba. Ukimwambia mkulima wa Machakos kwamba mvua ikinyesha ni msiba, atakutazama vizuri. Kwetu mvua ni baraka, na arusi ikinyeshewa watu hufurahi. Methali yetu yenye maana hiyo haina mvua. Ni siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Tazama tofauti: kule shida zinakumwagikia kutoka juu, huku ni yale uliyoyashika kila siku yanayokuponyoka. Ukiwa na mgeni, mfundishe hiyo ya nyani. Nimeona watu wakiipenda mara moja.

Lakini mvua ya Nairobi ina sura nyingine pia, na hapa nataka kukuonyesha mahali ambapo maneno haya yote hayafai. Aprili 2024, mafuriko yalipobeba nyumba kando ya Mto Mathare na watu wakafa, mwanafunzi wangu mmoja anayefanya kazi za mtandaoni alipoteza vyote alivyokuwa navyo. Alimwandikia mteja wake wa ng'ambo kueleza kwa nini kazi itachelewa. Alikuwa amejifunza "Just my luck" mwezi ule ule, na alijivunia kuijua. Akaandika: "Just my luck, the river took our house." Mteja akamrudishia alama ya kicheko na neno "Ha! Hope you get it sorted". Kijana alinionyesha simu yake darasani bila kusema kitu. Kioo kilikuwa kimepasuka kona moja.

Yule mteja hakuwa mtu mbaya. Masikio yake yalisikia "Just my luck" na yakajua kwamba kinachofuata ni kidogo: mwavuli uliosahauliwa, dari inayovuja. Msemo ule huwa unapunguza. Ndiyo kazi yake, ni chombo cha kubebea kero ndogo ili zisikulemee. Ukiweka msiba ndani yake, msiba nao hupungua machoni pa msomaji. Tuliandika upya pamoja: "Our house was destroyed in the floods on Tuesday night. My family is safe, but I have lost my computer. I need ten days." Hakuna "luck", hakuna "unfortunately", hakuna mapambo. Jibu lilikuja jioni ile ile, na lilikuwa jibu la mtu kwa mtu. Kwa makubwa, sema lililotokea kama lilivyotokea.

Kuna mtego mwingine unaotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, na sitaki uuangukie. "Kwa bahati mbaya" kwetu hubeba maana mbili: mambo yameenda vibaya, na pia sikukusudia. "Nimekukanyaga kwa bahati mbaya." Ukiipeleka hiyo ya pili kwenye Kiingereza ukasema "by bad luck", mambo huharibika. Ukifuta faili la mkubwa wako ukaandika "By bad luck I deleted the file", atasikia unailaumu bahati badala ya kidole chako. Sema "by mistake" au "by accident". Na "luck" haihesabiki: hakuna "a bad luck". Ukitaka kuhesabu, weka neno mbele yake, "a stroke of bad luck", "a run of bad luck". Kosa hili nalikuta kila wiki, hata kwenye barua za watu waliosoma sana.

Na "Alas!" iache shuleni. Tuliandika wote kwenye insha, kama tulivyoandika "Lahaula!" kwenye zile za Kiswahili, na walimu wakatupa alama. Mtu akiandika "Alas" katika ujumbe wa ofisini leo, msomaji atadhani anaigiza.

Sasa ya kufanya. Ujumbe wa matatu, siku nyingine, uanze na habari ambayo mkubwa anaihitaji, malalamiko yafuate: "The matatu has broken down at Roysambu. I'll be in by 9.30. Today of all days!" Saa ya kufika ije kabla ya kilio, kwa sababu kilio kikitangulia kinasikika kama kisingizio.

Kuhusu "tough luck", usilirekebishe kwenye kundi. Msubiri asubuhi anapopita mapokezi, simama, umwambie: "I owe you an apology. When your bags went missing I wrote 'tough luck'. I thought it meant 'I'm so sorry'. I've since learned that it doesn't." Hapa "apology" iko mahali pake, maana hili ni la kwako. Kisha umalizie kwa ile pole uliyotaka kumpa tangu mwanzo: "I really was sorry about your bags. Have they come?" Kama unajua mizigo ilishafika, badala ya swali hilo mwambie "I hope nothing was missing."